Mfuko wa Chumvi Juu ya Msumeno

Nina ng'ombe wangu wa jiwe. Mabonde mawili yameegemea mbavu zake, mvua humwosha, theluji humfunika, na anayetaka kumpanda sharti ampande kwa magoti. Mmeshamjua? Ndiye huyo huyo, ukingo wa Msumeno, unaoanzia juu ya malisho ya Plangg na kwishia kwenye msalaba wa chuma kileleni. Sisi wa bondeni tunauona kila tukifungua dirisha, na wengi wetu kuuona tu kunatutosha.

Hedwig hakutosheka na kuuona. Jumamosi moja ya mwezi Juni, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake pale Plangg akifunga kamba za viatu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, nyonga moja ya mfupa na ya pili ya chuma, na moyo ulikuwa ukimdunda kama wa msichana anayesubiri kuitwa kucheza dansi. Shingoni alivaa ufunguo wa kibanda kwa kamba ya ngozi. Ufunguo huo ndio waliokuwa wakiugombea.

Binti yake, Klaudia, alikuwa amesimama mbele yake akitazama saa ya mkononi. Klaudia alikuwa dereva wa basi la bondeni, na watu walikuwa wakisema kwamba kengele ya kanisa ndiyo inayorekebishwa kwa basi lake. Miaka kumi na minne hajachelewa hata dakika moja.

"Turudie masharti," alisema Klaudia.

"Mwanangu, tumeyarudia tangu Pasaka."

"Turudie, mama. Ukigusa msalaba kabla kengele ya saa sita haijalia bondeni, na usiposhikwa mkono hata mara moja njiani, ufunguo ni wako, na mimi sitasema neno tena. Ukichelewa, au ukishikwa mkono, ufunguo ni wangu. Malisho tutampa mtu mwingine na wewe utahamia kwangu."

"Kwenye kile chumba chenye dirisha la kutazamia kituo cha basi."

"Ni chumba kizuri!"

"Kizuri sana. Nitakaa hapo nihesabu abiria mpaka nife."

Klaudia hakucheka. Hakuwa mtoto mbaya, msimdhanie hivyo. Kisa chenyewe kilitokea Agosti iliyopita. Huku kwetu, jioni ikiingia, mtu wa malishoni huchukua funeli ya mbao ya kuchujia maziwa, akaiweka mdomoni, akapaza baraka: Mungu walinde ng'ombe, walinde watu, walinde na majirani hata wale wabaya. Sauti hushuka mpaka bondeni. Jioni ile Plangg ilikuwa kimya. Klaudia alipita na basi kwenye kona ya chini ya malisho, akashusha kioo kama kawaida yake, asisikie kitu, akadhani upepo umeipeleka sauti kwingine. Ratiba ni ratiba, akaendelea. Asubuhi yake alipopanda alimkuta mama yake sakafuni zizini, nyonga imevunjika, ng'ombe wanane wamemzunguka wakimpumulia usoni ili asipate baridi. Alikuwa amelala pale usiku kucha.

"Haya, wanariadha!" ilisikika sauti kutoka kwenye ua wa mawe. Mzee Ambros, jirani mwenye mbuzi, alikuwa amekuja na kiti, darubini na kiko chake. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwamuzi. "Mama Klaudia, hicho chuma cha nyongani umekitia mafuta?"

"Nimekitia siagi. Wewe chunga macho yako usisinzie."

"Mimi nisinzie? Nitahesabu hata chafya zenu. Na mbuzi wangu umewaacha wapi?"

"Wako juu kule, wamelala. Wana akili kuliko wewe."

Hedwig akasimama, akajifunga mkanda kiunoni, akashika fimbo. Alikuwa amebeba mkate, jibini, soseji kavu, mapeasi makavu na chupa ya chai. Alidhani hivyo tu ndivyo alivyobeba. Mkumbuke neno hilo.

Walipanda mlima juu ya majani yenye umande upesi upesi, mpaka kwenye rundo la kwanza la mawe, lile la kuonyesha njia. Tangu Klaudia akiwa mdogo walikuwa na desturi yao: kila rundo la mawe, kitendawili kimoja. Anayeshindwa hutoa mji.

"Kitendawili!" alisema Hedwig, anahema.

"Tega."

"Mlevi wangu huimba usiku na mchana, huteremka mlima kwa kuyumba..."

"Kijito," alisema Klaudia kabla hajamaliza. "Mama, hicho nilikijua kabla sijaota meno."

"Nilikuwa nakupasha moto tu."

Kwenye rundo la pili Klaudia alitega yeye: "Ana milango miwili, humeza watu asubuhi, akawatapika jioni, wala hashibi."

Hedwig akawaza. Akataja jibini, akataja pango, akamtaja padri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

"Nakupa Roma."

"Nimekwenda Roma, nimekula vizuri, nimelala, nimerudi. Jibu ni basi."

"Basi! Wewe kila kitu ni basi! Hata ukiota ndoto inasimama vituoni!"

Na hapo wote wawili wakacheka, na jua likatoka ng'ambo ya bonde letu, likapiga yale meno ya jiwe moja baada ya jingine yakawa mekundu kama makaa. Kilele hakikuwa na kofia ya wingu. Hedwig alijisikia mwepesi. Jamani, alikuwa amesahau hewa ya juu inavyokuwa! Inaingia kifuani kama maji ya chemchemi, baridi, unataka kuinywa tena na tena.

Saa mbili na nusu wakafika mwanzo wa ukingo. Majani yalikuwa yameisha, palikuwa na jiwe tupu na alama za rangi nyekundu na nyeupe. Upande wa kushoto bonde letu, na kanisa dogo kama kipande cha sukari. Upande wa kulia bonde la wenzetu, lenye kivuli bado. Wakafungana kamba kiunoni, Klaudia mbele, mama nyuma. Klaudia alikuwa akiipitisha kamba nyuma ya kila jino la jiwe, kusudi mmoja akiteleza jiwe limdake.

"Kamba hairuhusiwi kunivuta," alisema Hedwig.

"Kamba inakulinda tu. Ninaloangalia ni mkono."

Jino la kwanza, la pili, la tatu. Mahali pengine walitembea wima, mikono wameitanua kama ndege. Mahali pengine palikuwa pembamba hata wakakaa kama waliopanda farasi, mguu huu unaning'inia juu ya kanisa letu na mguu ule juu ya kanisa la jirani, wakajisogeza kwa makalio. Kunguru wadogo wenye midomo ya njano walipita chini yao. Chini yao! Hedwig aliwaona migongo yao na akapiga kelele ya furaha kama mtoto.

"Mama, taratibu!"

"Taratibu ya nini? Tazama, mwanangu! Niko juu ya kunguru!"

Kwenye jino la nne palikuwa na hatua ndefu ya kushuka. Klaudia alishuka, akageuka, mkono wake ukanyooka wenyewe, maana mkono wa mtoto haujui masharti.

"Urudishe!" alisema Hedwig. "Rudisha huo mkono mfukoni, mwizi wewe."

Akageuka akautazama mlima, akashuka kinyumenyume, mguu wa chuma kwanza, akipapasa jiwe kwa ncha ya kiatu. Ukashika. Akacheka peke yake. Nyonga ile walimwekea hospitali wakamwambia itamfaa kwa kwenda sokoni. Sokoni!

Saa tano wakafika kwenye Wembe. Wembe ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, hatua thelathini, jiwe limechongoka juu, huwezi kusimama wala huwezi kulala vizuri. Mbele yake kuna jiwe pana bapa kama meza ya jikoni, na kutoka hapo ni mwinuko mwepesi wa kupanda mpaka msalabani. Klaudia alitangulia akijisogeza. Hedwig alipofika katikati, akasikia nyuma yake kengele.

Ting'iri ting'iri.

Akageuza shingo. Juu ya jino la nne alisimama Kontesa, mbuzi jike wa Mzee Ambros mwenye pembe moja, kidevu juu kama mke wa meya. Nyuma yake wengine sita.

"Klaudia," alisema Hedwig polepole. "Tuna wageni."

"Wageni gani?" Klaudia akageuka. "Yesu na Maria! Hao wametoka wapi? Wanataka nini?"

Hedwig akapeleka mkono kiunoni, na hapo akajua. Kwenye mkanda wake, chini ya koti, ulikuwa unaning'inia mfuko wa ngozi wa chumvi. Miaka arobaini kila asubuhi alikuwa akijifunga mkanda ule, na mfuko ule juu ya mkanda ule, kwa sababu malishoni huendi popote bila chumvi ya kuwalambisha wanyama. Hakuufunga kwa kutaka. Mikono yake iliufunga yenyewe, kama mtu anavyovaa suruali. Na mbuzi husikia harufu ya chumvi toka mlima wa pili.

"Mama! Umebeba chumvi? Kwenye Msumeno?"

"Usinipigie kelele, nimeshaona!"

Kontesa hakungoja wamalizane. Mbuzi kwenye ukingo ni kama mtu sebuleni kwake. Akaja tok tok tok juu ya Wembe mahali binadamu anajisogeza kwa makalio, akafika, akaingiza pua chini ya koti la Hedwig, akasukuma. Vijiwe vikatoka chini ya paja la Hedwig, vikadondoka kulia. Alivisikiliza vikianguka. Vilichukua muda mrefu kunyamaza.

"Tupa mfuko!" Klaudia alipaza sauti. "Utupe!"

"Nikiutupa wataufuata waanguke. Wote saba. Ni mbuzi wa Ambros, amenikabidhi mimi."

"Basi fanya kitu!"

Uso wa Klaudia ulikuwa mweupe kama maziwa. Yeye anayepitisha basi lenye watu hamsini kwenye kona ambazo wageni hufumba macho, sasa alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mikono miwili. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametulia. Jiwe lilikuwa jiwe, mbuzi walikuwa mbuzi. Hii ilikuwa kazi yake.

"Nisikilize," alisema. "Kamba iko nyuma ya jiwe?"

"Iko."

"Nitakupa mfuko. Uende nao kwenye lile jiwe bapa, umwage chumvi yote, kisha usimame kando uwaachie nafasi. Mimi nitalala hapa hapa."

"Ulale? Na wao watapita wapi?"

"Juu yangu, mwanangu. Kwani kuna njia nyingine?"

Akafungua mfuko kiunoni, Kontesa anamkaba kwa pua, akajinyoosha kifudifudi, tumbo juu ya Wembe, mguu huku na mguu kule, akaunyoosha mkono wenye mfuko mbele kadiri alivyoweza. Klaudia naye akainama, akanyoosha wake. Vidole vikafika. Wakati huo huo Kontesa akampiga Hedwig kichwa cha makalio, wa pili akamsukuma Kontesa, na Hedwig akahisi mwili wote umehama kwenda kulia, kidogo tu, upana wa kiganja. Kisha ukarudi. Mfuko ukaondoka mkononi mwake. Klaudia akageuka, akajiburuza kuelekea kwenye jiwe bapa.

"Pumua, mama!"

"Napumua! Mwaga!"

Chumvi ikamwagika. Mbuzi wakasikia harufu, wakapandwa na wazimu. Kontesa akaweka kwato kwenye makalio ya Hedwig, kwenye mgongo, kwenye bega, akaruka. Mmoja. Hedwig akahesabu kwa sauti, mdomo umebanwa na jiwe: wawili... watatu, huyo mzito... wanne... Wa tano alisimama katikati ya mgongo wake kutazama mandhari.

"Nenda, shetani wewe!" alifoka Hedwig, na huku anacheka, anacheka hadi machozi yanalowesha jiwe, na kwenye jiwe bapa akasikia Klaudia naye anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia. Watano. Sita. Saba.

Kisha kimya, ila ndimi saba zikilamba.

Hedwig akajisogeza, hatua zilizobaki, makalio yanamwuma. Klaudia alisimama mwisho wa Wembe, mikono ameificha nyuma ya mgongo kwa nguvu zake zote. Hedwig akapanda juu ya meza ile ya jiwe mwenyewe.

"Saa ngapi?"

Klaudia akatazama. "Mama! Saa tano na nusu imepita!"

Wakakimbia. Najua kukimbia ni neno kubwa kwa mtu wa nyonga ya chuma, lakini walikimbia, wakipanda, fimbo tak tak tak, mbuzi wawili walioshiba chumvi wanawafuata kwa heshima tu. Mapafu ya Hedwig yaliwaka moto. Msalaba ulikuwa unakua: kidole, mkono, mtu. "Dakika sita!" alipaza Klaudia. "Dakika nne! Mama, njoo, njoo!" Na Hedwig akashangaa, maana mtu anayetaka ashindwe hampigii kelele namna ile. Akajitupa, akaupiga msalaba kofi, chuma kikalia ngoo.

Klaudia alitazama saa. Walisubiri, wote wawili mdomo wazi. Chini kabisa bondeni kengele ya saa sita ikaanza kulia.

"Dakika mbili," alisema Klaudia. "Umewahi kwa dakika mbili."

Wakakaa wakala soseji na mapeasi, upepo unawapepea, milima imejipanga mpaka macho yanapochoka. Klaudia alikuwa mchangamfu, akimwigiza yule mbuzi wa tano. Hedwig alicheka, lakini alikuwa akitafuna polepole, na mara kwa mara alivitazama vidole vyake.

Walishuka kwa njia ya nyuma, ile pana ya ng'ombe, na saa tisa wakawa kibandani. Mzee Ambros alisimama juu ya kiti chake anapiga makofi.

"Kafika! Nimeona kwa macho yangu, msalaba kabla ya kengele!"

"Na mkono?" aliuliza Hedwig. "Pale Wembe uliona nini?"

"Pale Wembe? Niliona matako ya mbuzi. Saba. Zaidi ya hayo sikuona kitu. Kwa hiyo natangaza, hakuna mkono ulioshikwa. Ufunguo ni wa Hedwig, na mimi nadai kahawa."

Klaudia akamkumbatia mama yake. "Haya. Neno ni neno. Umeshinda."

Hedwig angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mlima haushitaki mtu. Lakini alikaa kwenye ngazi, akavua kamba ya ngozi shingoni, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake.

"Nilikushika," alisema. "Kontesa aliponipiga kichwa, nilienda kulia. Nikashika vidole vyako viwili, hiki na hiki. Pumzi moja tu, lakini nilivishika. Ndivyo vilivyonirudisha."

"Mimi sikuhisi."

"Mimi nilihisi."

Mzee Ambros akakisoma kiko chake kama gazeti. Klaudia aliugeuza ufunguo huku na huku. Aliutazama mlango, akautazama mgongo wa koti la mama yake, wenye alama za kwato kutoka juu hadi chini.

"Mama," alisema mwishowe, "nitegee kitendawili."

"Sasa hivi?"

"Kile cha mlevi."

"Kile umekijibu asubuhi kabla sijamaliza."

"Nitegee, nimekwambia!"

Hedwig akamkazia macho. "Kitendawili."

"Tega."

"Mlevi wangu huimba usiku na mchana, huteremka mlima kwa kuyumba, wala haanguki."

Klaudia akakuna kichwa. Akatazama mbingu. Nyuma ya kibanda kijito kilikuwa kinaimba kwa sauti yake yote. "Nimeshindwa," alisema.

"Mwongo we!"

"Nimeshindwa, mama. Omba mji."

Hedwig akasogea kumpa nafasi kwenye ngazi. "Nipe mji."

"Nakupa Plangg." Akamvisha ufunguo shingoni. "Lakini kila mji una sheria zake, na sheria ya huu naitunga mimi. Siogopi nyonga yako. Leo nimeona nyonga yako ikoje. Ninachoogopa ni kimya. Kila jioni utapaza baraka, mvua inyeshe, uwe na mafua, uwe umenuna. Na mimi nitasimamisha basi kwenye kona ya chini mpaka nikusikie. Dakika moja."

"Na ratiba?"

"Dakika moja, mama. Nisipokusikia, nitaliacha basi pale pale na abiria wake, nipande."

"Watakushitaki!" alisema Mzee Ambros, amefurahi sana.

"Wacha wanishitaki."

Akashuka mbio kwenda kuchukua zamu yake. Jua lilipogusa meno ya Msumeno, Hedwig alisimama nje na funeli ya mbao, mwili wote unamwuma utamu. Aliona basi la manjano likipanda, dogo kama mbegu ya hindi, likafika kwenye kona, likasimama. Akavuta pumzi mpaka kwenye nyonga. Mungu walinde ng'ombe, walinde watu, walinde majirani hata wale wabaya. Na kwa mara ya kwanza akaongeza: mlinde na dereva.

Kimya kidogo. Kisha kutoka kwenye kona, honi ya basi ikajibu kwa sauti zake tatu, mlima ukazirudisha, zikawa sita, na juu kwenye majabali mbuzi saba wakaanza kulia kwa pamoja wakidhani wameitiwa chumvi.